Vitunguu Visivyopikwa

Wambui mwanangu,

Nimeandika "mwanangu" kabla ya kufikiri, na sasa sitalikata. Kalamu ni ya wino, na nikikata neno la kwanza barua nzima itaonekana ni ya mtu asiyejua anachotaka kusema.

Umeenda kuaga kwa shangazi yako, na baba yako ameteremka mtoni na ng'ombe. Jua bado lipo. Begi lako liko mlangoni tangu asubuhi. Kila nikipita nalisukuma kando kidogo kwa mguu nipate njia, na nikirudi nalikuta pale pale. Nafikiri baba yako naye analisukuma kutoka upande wake.

Sitakuambia habari za chandarua, wala maji ya kunywa ya Lodwar, wala jua la huko. Baba yako amekuambia mpaka ukachoka, na nesi ni wewe, si sisi. Kuna jambo jingine nataka kukuambia, na kwa mdomo haliji. Unanijua. Mdomo wangu husema "sawa" na kufunga.

Juzi ulipokuwa ukikunja nguo niliingia na lile gazeti nililotandazia vitunguu vya mama yako. Vyote vilikuwa vimekauka vizuri, na maganda yake ya kahawia yenye nyuzi nyuzi. Nikakuuliza utabeba vingapi. Nilikuwa nimekwisha kuvigawa kwa akili: vile vikubwa vyako, vidogo vya kubaki. Ukaviangalia, ukasema, "Lodwar ni moto, Anti. Vitakufa. Kaa navyo."

Nikasema, "Sawa." Nikakunja gazeti nikarudi jikoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijibu upya kichwani, nikikama, nikimenya viazi, hata kanisani jana. Sijui uliniachia kwa sababu umechoka navyo, au kwa sababu unaniamini. Sitakuuliza. Lakini nataka ujue unamwachia nani, maana ulipoanza kuniona ulikuwa mtoto wa darasa la pili, na mambo mengi ya nyumba hii uliyaona kutoka chini ya meza.

Mimi nilikuja Dundori kutoka Nakuru mjini. Hilo unalijua. Babu yangu aliletwa na kazi ya reli kutoka upande wa Bungoma, akazaa watoto wake katika nyumba za reli, nasi hatukurudi tena. Usilolijua ni kwamba kabla ya baba yako niliwahi kuolewa, kule kule mjini. Nilizaa mtoto wa kiume. Hakukaa. Tulipomzika sikulia. Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu, nikiangalia viatu vya watu. Mama wa yule mume akamwambia mtu aliyekuwa kando yake, bila kushusha sauti, "Huyu ana moyo wa namna gani, hata halii?"

Nilimsikia, na hata hilo halikuniuma. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa ile sindano ya kung'oa jino. Shavu lipo, ukiligusa unaligusa, lakini si lako. Kwa watu wengi shavu hurudi jioni. Langu lilichelewa, na ile ndoa haikungoja.

Baba yako nilimjua sokoni. Alikuwa akileta viazi, nami nilikuwa na meza yangu ya mboga. Hakunichumbia kwa maneno mengi. Siku moja alishusha gunia, akaketi juu yake, akasema, "Nina mtoto msichana. Mama yake alifariki. Nyumba imekuwa baridi." Nikasema sawa. Ndivyo nilivyoolewa na baba yako, Wambui. Watu wawili waliokuwa wamekaukiwa. Kama kulikuwa na furaha, sikumbuki ilikuwa wapi.

Wewe hukunisalimia kwa siku nyingi. Hukuwa na utovu wa adabu. Ulikula nilichopika, ukaosha sahani yako, ukaiweka peke yake. Sikukulaumu. Nilikuwa najua kuishi na watu wasioongea.

Halafu ikaja siku ya friji. Ile friji mama yako aliinunua kwa mshahara wa kampuni ya maua, na ndicho kitu nilichokiogopa zaidi katika nyumba ile, kwa sababu ilikuwa na picha yenu mlangoni. Nilikuwa napika mchuzi. Nikafungua droo ya chini nikakuta kitu kimefungwa kwa gazeti, ndani yake vitunguu vidogo vidogo, vikavu. Nikadhani ni vile vya kukaanga vilivyosahauliwa. Nikachukua kisu nikaanza kumenya kimoja. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na sare yako ya shule.

"Hizo si za kupika," ukasema.

Nikageuka. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako ya kwanza kwangu.

"Ni nini basi?"

"Ni maua. Ni za mama."

"Maua gani?"

"Krokasi." Ulilitamka taratibu, kama mtu anayetaja jina la jamaa yake mbele ya mgeni.

Nikakiangalia kile kitunguu mkononi. Ndani kilikuwa cheupe, kimebana, hakina tabaka kama kitunguu cha kweli. Nikalirudisha ganda lake nikalishikilia kwa kidole, kana kwamba lingeshika. Uliniangalia nikifanya hivyo. Halafu ukaja ukanyoosha mkono, nikakupa, ukakirudisha kwenye gazeti pamoja na vingine.

Jioni ile nilimuuliza baba yako. Akanieleza kwa maneno machache kwamba kampuni ya maua upande wa Gilgil ilijaribu kukuza maua ya nchi za baridi, yale yanayochipuka huko theluji ikiyeyuka. Huku yakakataa. Mkubwa wao akaamuru yatupwe. Mama yako akayafunga mengine kwenye kitambaa chake cha kichwa akaja nayo nyumbani, akayadanganya kwa friji kwamba ni majira ya baridi. Yakachanua. "Alikuwa akiyachanulisha kila mwaka," baba yako akasema, kisha akauliza kama chumvi imeisha.

Basi tukavipanda, mimi na wewe, bila kujua. Ulikumbuka mambo mawili tu: kwamba vinakaa baridini kwanza, na kwamba mama alivipanda kwenye sufuria lililotobolewa chini. Tukavirudisha kwenye droo ya friji, nami nikaweka ndizi mbivu na parachichi juu yake, maana droo ilikuwa na nafasi. Ulipofika wakati tukavipanda. Yakatoka majani, membamba, yenye mstari mweupe katikati kama uliochorwa kwa chaki. Kila ulipotoka shule ulichuchumaa mbele ya sufuria kabla ya kuvua viatu. Majani yakarefuka, yakalala. Maua hayakuja.

"Zimekataa," ukasema.

"Labda bado."

"Hapana. Zimekataa."

Hukulia, na mimi sikulia. Nilichukua kisu nikayakata yale majani yaliyolala, tukaenda kukama.

Karibu na wakati huo ndipo ilipotokea ile habari ya jina. Tulikuwa tumepeleka maziwa barabarani, wewe umebeba kile kidebe kidogo. Karani wa maziwa akaita, "Mama Wambui, leta yako." Nikapiga hatua. Hakuwa na ubaya. Ndivyo watu wanavyomwita mwanamke wa nyumba, kwa jina la mtoto wa kwanza. Lakini jina lile lilikuwa na mwenyewe. Ulikiweka kidebe chini katikati ya njia, taratibu, bila kumwaga hata tone, ukageuka ukarudi nyumbani. Nilimwomba baba yako awaambie watu waniite Nekesa. Akasema, "Watu hawawezi kukuita jina tu hivyo, wataona ni kama hatukuheshimu." Wakaendelea. Kila waliponiita niliitika, na kila nilipoitika nilikuangalia wewe kwanza. Sijui kama uliwahi kuona.

Sikujua la kufanya na ule msiba wako. Wangu mwenyewe nilikuwa nimeshindwa nao. Lakini vile vitunguu vilikuwa kitu kinachoshikika. Nilimuuliza baba yako nani mwingine alijua kuvitunza, akanitajia Roda, aliyefanya kazi na mama yako. Shule zilipofungwa nikakuchukua tukaenda Gilgil. Roda alikuwa ameacha kazi ya maua, ana kibanda cha chai kando ya barabara kuu. Alikuangalia mpaka maziwa yakafurika jikoni.

"Huyu ni Wangari mtupu," akasema. Halafu akanigeukia. "Na wewe?"

Nilifungua mdomo. Wewe ukasema, "Ni wa kwetu."

Roda hakuuliza tena. Akatumiminia chai.

Tulipomweleza yaliyotupata akasikiliza kama daktari. "Mliviweka na matunda?"

"Ndizi."

"Basi ni hiyo. Ndizi ikiiva inatoa pumzi fulani, na ua linakufa likiwa bado ndani ya kitunguu. Hata waridi, tulikuwa tunakatazwa kuingia na ndizi kwenye chumba cha baridi. Na majani mlifanyaje?"

"Niliyakata yalipolala," nikasema.

Roda akacheka. "Hata Wangari aliyakata. Mwaka wa kwanza. Alisema yanamchafulia baraza. Kumbe yale majani ndiyo yanayolisha kitunguu cha mwaka ujao, unatakiwa uyaache yafe yenyewe. Mwaka uliofuata akachimbua vitu kama njegere. Alikasirika, akaacha kunisalimia, utadhani ni mimi niliyeshika kisu."

Uliacha kunywa chai. "Mama alikosea?"

"Mama yako alikosea kama watu wote," Roda akasema, "na alinuna kuliko watu wote."

Nilikuangalia nikidhani utaumia. Ulikuwa umeshika kikombe kwa mikono miwili, unafikiri. Nafikiri hakuna mtu aliyekuwa amekuambia jambo kama hilo. Tangu afe, kila mtu alikuwa akikupa mama asiye na kasoro, na mtu wa namna hiyo hakumbukiki, anatundikwa ukutani tu. Tuliposhuka garini na kuanza kupanda ile njia ya nyumbani ukaniuliza, "Na mimi hununa?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Sana?" Nikasema sana. Ukatembea mbele yangu, na nikaona mabega yako yamelegea.

Roda alikuwa ametuambia pia kwamba vikichoka na sufuria vipewe ardhi kidogo vinenepe. Tukavipanda nyuma ya jiko, kwenye udongo tuliouchanganya na mchanga ili maji yasisimame. Vikaota vizuri. Nilianza kuwa na matumaini, au kitu kinachokaa pale ambapo matumaini hukaa. Halafu asubuhi moja nikaona jani likitembea. Liliingia chini taratibu, kama uzi unaovutwa na sindano. Kisha la pili. Fuko.

Nilimwita baba yako, si kwa sababu nilidhani angefanya lolote. Unakumbuka alivyokuwa siku zile. Alilima, alikula, aliketi. Alisimama akaangalia majani yakizama, kisha akaenda kuchukua jembe. Alichimba. Alifuata njia ya yule fuko kupita jikoni, kupita choo, mpaka ndani ya viazi, akachimbua mstari mzima wa viazi vyake ambavyo havijakomaa bila kujali. Wewe ulikuwa nyuma yake, mimi nyuma yako. Akafika kwenye ghala la yule mnyama, shimo lililojaa viazi na mizizi. Akapiga magoti, akaanza kuchambua kwa vidole. Akatoa kitunguu kimoja, akakipangusa kwa shati. Akatoa kingine. Akaviweka ndani ya kofia yake.

"Wangari angenichapa," akasema.

Hakuwa amelitaja jina lile tangu nije. Alibaki pale magotini, mikono ndani ya shimo, na mgongo wake ukawa unatikisika. Wewe ulimkaribia ukasimama karibu naye, hukumgusa. Mimi nilirudi nyuma. Niliona ile si yangu. Nikaenda kuwasha moto, na nikiwa pale jikoni nilisikia mnaongea, ninyi wawili, sauti mbili chini chini, na sikusogea kusikia maneno.

Vilivyookolewa vilitosha kujaza sufuria moja, basi. Vingi vilikuwa vimeliwa. Tukaviacha vipumzike mahali pa joto, juu ya kabati, kama Roda alivyosema, kisha tukaviingiza kwenye friji, bila tunda lolote. Ndipo transfoma ikaungua, na Dundori yetu yote ikakaa bila stima. Friji ikawa kabati. Unakumbuka tulivyovibeba ndani ya mkebe mpaka kwenye mtambo wa kupoza maziwa? Kijana wa pale, Kiptoo, akaufungua mkebe akanusa. "Mama Wambui," akaniuliza, "hivi navyo vinatoa maziwa?" Wewe ndiwe uliyemjibu. "Ni maua yetu. Usiweke karibu na matunda." Akauweka mkebe kwenye rafu ya chumba cha baridi, na kila tulipopeleka maziwa ulimuuliza habari zake.

Sasa nimefika mahali nilipokuwa nakuja.

Vilichanua. Ulikuwa wa kwanza kuona. Ukaita, "Anti, kuja," na sauti yako haikuwa ya furaha wala hofu. Tulitoka mimi na baba yako. Ua moja la zambarau, halina shina, limetoka moja kwa moja kwenye udongo kama mtu aliyenyanyua kidole. Lilikuwa limefunga kwa sababu ya ukungu. Tukasimama. Jua lilipofika ukutani likafunguka mbele yetu, taratibu, na ndani yake kulikuwa na rangi ya machungwa. Baba yako alivua kofia. Kisha akaivaa, akauliza kama ng'ombe amekamwa. Wewe uliligusa kidogo, ukachukua mkoba ukaenda shule.

Mimi nilibaki. Nilivuta kile kigoda nikaketi, nikangoja. Nilijua hapa ndipo mtu anapotakiwa kuhisi kitu. Tulihangaika vile, kwa fuko, kwa stima, kwa Gilgil. Nikaliangalia lile ua mpaka macho yakachoka. Hakuna kilichokuja. Ua lilikuwa zuri, niliona kwamba ni zuri, kama unavyoona nguo nzuri dukani isiyo ya kimo chako. Nikaogopa, Wambui. Nikajiambia, yule mama wa makaburini alisema kweli, mimi nimezaliwa na kitu kimepungua. Halafu nikanyanyuka nikalimwagia maji kidogo, kando, si juu, nikaenda kumenya viazi.

Maua yalikaa siku chache yakalala. Yalitoka mengine, ya zambarau na meupe, nayo yakalala. Safari hii hatukukata majani. Tuliyaacha yakawa manjano, yakawa kama nyasi kavu, na baba yako akawa anayaruka kwa heshima kila anapopita. Tulipochimbua, ilikuwa alasiri, tumechuchumaa mimi na wewe nyuma ya jiko. Ukaona kwamba chini ya kila kitunguu kipya kuna kingine, kilichosinyaa kama kifungo cha koti kuukuu. Ukauliza, "Hiki ndicho tulipanda?" Nikasema ndicho. Ukauliza kama tukitupe. Nikasema kinatoka chenyewe, usikivute kwa nguvu. Tukaendelea.

Tulikuwa tumekaa muda mrefu. Ulitaka kusimama ukashindwa. "Anti, mguu umekufa ganzi," ukasema, na ukaniegemea. Ukaweka mkono begani kwangu na uzito wako wote, ukasubiri. Hukuwahi kunigusa kabla ya hapo isipokuwa kwa bahati mbaya. "Unarudi," ukasema. "Ngoja kwanza. Unauma. Unarudi." Ukawa unacheka na kukunja uso kwa maumivu kwa wakati mmoja, na vidole vyako vimenibana bega.

Hapo ndipo nilipolia. Ua lilikuwa limeshapita, hakukuwa na kitu cha kutazama, mikono yetu ilikuwa na udongo. Nililia kwa ajili ya yule mtoto wa kiume, nafikiri, na kwa ajili ya mambo mengine ambayo hata sikuyajua. Ulidhani umeniumiza kwa uzito wako ukaruka kando. Nikakuambia ni vumbi. Haikuwa vumbi. Nimekaa nikitaka kukuambia hivyo tangu siku hiyo.

Nakuambia sasa kwa sababu ya kazi unayoiendea. Utakuwa peke yako usiku na wagonjwa, na wengine watakufia mikononi, na kuna siku utawafunika na kwenda kunywa chai, na chai itakuwa na ladha ya chai. Utajiuliza umekuwa mtu wa namna gani. Sina jibu kubwa. Najua tu kwamba mimi nilijihukumu mapema. Nilidhani kwa kuwa chozi halikuja siku ya maziko, halitakuja tena, na kwa hiyo nilikaa miaka nikijiona kama nyumba isiyo na mtu. Usijifanyie hivyo. Fanya kazi iliyo mbele yako, osha mikono, mwandalie mgonjwa anayefuata. Lisipokuja siku hiyo, usilivute. Na mtu mwingine ukimwona amesimama macho makavu kando ya maiti wake, usimwambie neno. Mpe kiti.

Na baba yako, kesho, usimtazamie sana. Ataangalia magurudumu ya gari, atasema tairi moja limeisha. Ukae ukijua mimi nimemwona magotini kwenye shamba la viazi.

Sasa nirudi kwa lile nililopaswa kukujibu juzi. Nilitaka kusema kwamba vitunguu hivi si vyangu, siwezi kukaa navyo. Halafu nimefikiri kwamba nimevitunza miaka mingi kuliko mama yako alivyovitunza. Hilo si la kujivunia. Ni kwamba mimi nilipewa miaka, yeye hakupewa. Kuna wakati nilimchukia kidogo kwa kuniachia kazi ngumu hivi, mwanamke ambaye sikuwahi kuonana naye, na kuna wakati nilikuwa nikimweleza habari zako huku napanga vitunguu kwenye gazeti. Nilimwambia ulipofaulu. Nilimwambia ulipokatwa nywele na ukanuna wiki nzima.

Nitakaa navyo. Vikipungua nitakuambia vimepungua, sitakudanganya kwa simu. Na siku moja vitaisha, Wambui. Havikuumbwa kwa udongo huu, na kila mwaka tunavilazimisha. Siku hiyo nikikupigia nikuambie vimeisha, usije ukaona kama mama yako amekufa mara ya pili. Vitakuwa ni maua yaliyoisha. Yeye ana wewe.

Nimesikia mbwa akibweka kule chini, lazima ni baba yako anarudi na ng'ombe. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, ule wenye zipu inayokwama, kwa hiyo utaiona ukishafika na kuanza kupigana na zipu. Kesho gari litakuja wakati wa kukama, na mimi nitakuwa na ng'ombe, usione ni kutojali. Ng'ombe huyu mpya hakubali mkono mwingine, na mimi kuaga sikuwahi kukuweza.

Ukifika mpigie baba yako. Usihangaike kupiga mara mbili. Masikio yake yamezeeka, siku hizi anaweka simu kwa spika, juu ya meza, na anapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Mimi nitakuwa jikoni. Mlango nitauacha wazi, na sufuria nitaliepua motoni lisichemke, nisikie.

Nekesa